Samadi Kwenye Upande wa Barabarani

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Kifua je, bado kinabana? Mimi mzima, na leo nina furaha hata kukaa kitini siwezi. Kibali kimetoka! Miezi kumi na minne ya "rudi wiki ijayo", hatimaye kamati imepiga muhuri. Utafiti wangu wa maharage yanayovumilia ukame unaanza, na shamba lako ni moja kati ya matatu. Wengine walisitasita kutoa ardhi. Wewe ulisema tu, "Chukua."

Bwana shamba atakuletea mbegu pamoja na barua hii, maana simu yako ndiyo hiyo ilishatumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Upande wa mlimani panda mbegu mpya. Upande wa barabarani, mbegu yetu ya siku zote. Kote kuwili usitie samadi, usitie majivu, usimwagilie. Tunataka mbegu zishindane zenyewe. Nakujua wewe na ng'ombe wako, baba. Usiguse.

Mwanao

28 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba, mama. Kifua kinakohoa, mwenyewe nipo. Ng'ombe wanakusalimu, wanauliza samadi yao imekosa nini.

Upande wa mlimani, we! Umeshika rangi mpaka leo nimeenda kuutazama mara mbili. Lakini wa barabarani unatia aibu. Mimea imepauka, imejikunja, miwili ikisimama wa tatu umelala. Na huko ndiko bwana shamba alikochomeka kibao chenye jina lako, kwa herufi kubwa. Kila anayekwenda kisimani anakisoma kwa sauti. Jana fundi baiskeli kasimama, akaniuliza, "Mzee, miaka yote ile shuleni, ndiyo haya?" Watu wakacheka. Nikaenda kukamua ng'ombe niliokwisha kuwakamua.

Hata kidogo tu hairuhusiwi? Toroli moja?

Baba yako

6 Mei

Baba, shikamoo.

Hata kiganja kimoja. Waache wacheke, wakichoka watanyamaza. Hiyo iliyopauka ndiyo kazi yenyewe. Ikinenepeshwa, sitaweza kuonyesha kwamba mbegu mpya ni bora. Na dawa ya kikohozi unakunywa, au unaitazama tu?

Mwanao

15 Julai

Shikamoo baba,

Natumai mmepumzika baada ya kuvuna. Mimi sina raha. Shamba moja lilisombwa na mafuriko, kwa hiyo yamebaki mawili, na lako limenichanganya kabisa. Vipimo vinasema mbegu ya zamani imezaa kuliko mpya. Kamati inaniuliza imekuwaje. Bwana shamba anasema tangu Mei upande wa barabarani uliamka ghafla.

Sikuulizi kwa ubaya, baba. Niambie tu.

Mwanao

24 Julai

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni nzito. Nilitia. Toroli tisa, alfajiri, kabla watu hawajaenda kisimani, nikafukia kwa jembe ili bwana shamba asione. Jina lako lilikuwa limesimama juu ya mimea ile, mama, na watu walikuwa wanalicheka. Jina hilo nilikupa mimi. Nikasema nitaipa nguvu kidogo tu, ipendeze machoni. Ulinieleza, lakini kweli tupu, sikuelewa kwamba nakuharibia hivi.

Ilipostawi wakanyamaza wote. Nilifurahi sana, sikufichi.

Nisamehe.

Baba yako

1 Agosti

Baba,

Kamati imesimamisha kibali, wanadhani nilijua kuhusu samadi. Miaka mitatu ya kazi, tangu nianze kuizalisha mbegu ile, imekwenda na maji. Nilikuomba jambo moja, moja tu! Wale waliocheka hawanijui. Aliyeniumbua ni wewe. Usiniandikie kwa sasa.

10 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Najua barua ya Agosti sikukuamkia, wala chini sikuandika mwanao.

Leo katibu wa kamati ameniita ofisini. Kanisimulia kwamba wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mwenye kikohozi, amelowa mvua chapachapa, ana ndoo ya samadi mkononi. Askari wa getini akamkataza kuingia nayo. Mzee akasema huo ni ushahidi. Wakabishana mpaka katibu mwenyewe akatoka nje. Ukamweleza yote: toroli tisa, mistari ipi, mwezi gani, na kwamba mimi sikuhusika hata chembe. Ukatia saini. Akakuuliza mbona hukupita kwangu, mtaa wa pili tu kutoka pale. Ukamjibu, "Kaniambia nisimwandikie yeye. Nyinyi hakuwataja."

Baba, kibali kimerudi. Wamenipa msimu mwingine. Nimelia kwenye benchi lile lile ulilokalia, mpaka askari akaniletea maji. Safari ya siku nzima na kifua hicho, halafu ukageuza bila kuniona! Nisamehe mimi. Jumamosi nakuja, na dawa nakuletea. Usitoke na mvua.

Mwanao, mwanao, mwanao

22 Aprili

Baba,

Bado nakuamkia: shikamoo.

Barua yangu ya Oktoba ilifika Alhamisi. Wewe ulikuwa umeondoka duniani Jumatano. Bwana shamba alinirudishia haijafunguliwa. Anasema siku zile za mwisho ulikuwa unamuuliza kama kuna barua, kisha unajijibu mwenyewe, "Bado ana hasira, mwache." Hasira ilikwisha kabla Agosti haijaisha, baba. Nilikuwa naona haya tu kuanza.

Msimu huu nimehamia nyumbani, nimepanda kwa mikono yangu. Upande wa mlimani umeshika rangi. Wa barabarani umepauka vilevile, mimea miwili ikisimama wa tatu umelala. Ng'ombe wako wamejaza banda samadi, na toroli nimeliegemeza ukutani, sitaki hata kulitazama.

Kibao kipo. Asubuhi hii fundi baiskeli kapita, kakisoma, kaangalia mimea. Nilijikaza nikisubiri acheke. Hakucheka. Akavua kofia akaniuliza kwa upole, "Dada, nikuletee samadi kidogo?"

Nikamwambia hapana, hairuhusiwi. Halafu nikalia mbele yake, pale pale barabarani. Maskini, akadhani amenikosea.

Mwanao