Nilimsingizia Mwalimu Anayenifundisha Kiingereza

Kwako Shangazi Penina,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo na nina aibu ya miaka ishirini na sita, na vyote viwili vinamhusu mtu mmoja. Naitwa Marsela, ni mkulima hapa Ganako, mama wa watoto watatu, na wa mwisho, Goodness, ameingia kidato cha kwanza mwaka huu.

Shangazi, mwaka 1999 na mimi niliingia kidato cha kwanza, wa kwanza katika ukoo wetu, na niliweza kwenda kwa sababu dada yangu Lukresia aliacha shule darasa la sita ili amuuguze mama yetu, akaniambia, "Wewe soma, usome kwa ajili yetu sote wawili." Nikafika darasani nikakuta kila kitu ni Kiingereza, na sisi nyumbani tulizungumza Kiiraqw, hata Kiswahili chenyewe nilikijua cha shuleni tu, siku moja nikaambiwa nisimame niielezee familia yangu, nikasimama bila neno hata moja kunitoka, wenzangu wakacheka, na kesho yake sikurudi, wala keshokutwa, na dada aliponibana nikamwambia kwamba mkuu wa shule, Mwalimu Hilary, amenifukuza, amesema asiyejua Kiingereza anajaza nafasi bure. Ulikuwa uongo mtupu. Dada alilia sana, na tangu siku hiyo hajamsalimia yule mwalimu, hata akija kanisani kwetu, tunapotakiana amani mwalimu akinyoosha mkono yeye anageuka.

Sasa Mwalimu amestaafu, ni jirani yetu, na kila Jumamosi asubuhi anawafundisha watoto wa kidato cha kwanza barazani kwake bila malipo. Mwezi wa pili Goodness alikwama, nikampeleka, nikakaa benchi la nyuma kumsubiri, mwalimu akanitazama akasema, "Mama Goodness, hilo benchi si la kusubiria. Lete daftari na wewe." Nikaleta. Tukajifunza kujitambulisha, kutafuta neno kwenye kamusi, kusema unachopenda na usichopenda, kumwelekeza mgeni njia, na mwezi wa sita watalii waliopotea wakatokea na gari lao shambani kwangu wakiuliza lango la Ngorongoro, nikawaelekeza mwenyewe kwa Kiingereza, geukeni kushoto, nyoosheni mpaka kanisani, na wakaenda kulekule nilikowaambia, Shangazi! Nilibaki nimesimama na jembe langu nacheka peke yangu.

Halafu tukafika kwenye wakati uliopita. Tuliambiwa kila mmoja aandike jambo alilolifanya zamani, nami sijui nini kilinisukuma, nikaandika "I run away from school", yaani nilitoroka shule. Mwalimu akakata "run" kwa kalamu nyekundu, akaandika "ran" juu yake, kisha akasema polepole watoto wasisikie, "Najua, mama. Wiki ile nilikuja nyumbani kwenu kukuchukua. Dada yako akanifungia mlango. Mpaka leo sijui nilikosa nini."

Sikuwahi kujua kwamba alikuja. Nikamweleza uongo wangu wote huku nalia, akanisikiliza, akanipa leso, akasema, "Haya, tuendelee na sentensi ya pili."

Mwezi ujao Goodness anapata kipaimara, msimamizi wake ni dada Lukresia, ambaye ameolewa Baray, na mtoto amemwalika Mwalimu. Dada amenipigia simu: "Yule mzee akikaa mezani kwenu, mimi sifiki." Mume wangu Patrisi anasema hayo yameshapita, tumwombe Mwalimu asije, yeye ataelewa. Na kweli ataelewa, hilo ndilo linaloniumiza. Lakini dada aliacha shule kwa ajili yangu, nikimwambia ukweli naogopa nitampoteza. Nifanyeje?

Marsela, Ganako

*

Mdogo wangu Marsela,

Kwanza hongera. Kukaa benchi moja na watoto ukiwa na miaka arobaini si jambo dogo, na umebahatika kupata mwalimu wa aina yake.

Sasa nikukaripie. Hofu ya binti wa miaka kumi na minne naielewa kabisa. Lakini ulifika ishirini, ukafika thelathini, ukaona mkono wa mzee ukibaki hewani kanisani, ukanyamaza. Huyo hakuwa mtoto tena. Mlango ule ulifungwa kwa mkono wa dada yako, lakini aliyeufunga ni wewe.

Mumeo anakutakia amani, ila amani hiyo anailipia mzee asiye na kosa. Mwaliko wa Mwalimu usiuguse.

Nenda Baray wiki hii. Usipige simu, usiandike barua. Nenda peke yako, usimfanye Goodness ngao. Sema kwa Kiiraqw, na uanze na "nilidanganya", usianze na "nilikuwa mdogo". Usitangulie kulia, maana atalazimika kukubembeleza wewe wakati mwenye kidonda ni yeye. Alitoa shule yake ukaitupa, kisha ukampa mtu wa kumchukia. Akikasirika, ana haki. Msamaha usiudai siku hiyohiyo.

Ukirudi, mweleze na binti yako. Na Jumamosi nenda darasani kama kawaida. Kuna mtihani wa maarifa, unaomfungulia mtu mzima njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, ulizia ofisi ya elimu. Usiache tena katikati.

Shangazi Penina

*

Wiki tano baadaye Marsela aliniandikia tena. Kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa.

"Shangazi, nilikwenda. Nilimkuta dada anapalilia vitunguu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akaendelea kupalilia mpaka akamaliza tuta zima. Kisha akasema, 'Siku ile mvua ilinyesha. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa tope, na sikumpa hata maji.' Akaniambia niende zangu.

Siku ya kipaimara nilijua hatakuja. Alikuja. Mimi alinipita. Alikwenda moja kwa moja alipoketi Mwalimu, akamshika mikono yote miwili, akasema, 'Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi Lukresia, nimekuja kukuomba radhi.' Mwalimu akamsogezea kiti, wakala pamoja, wakaongea mpaka wageni wakaanza kuaga, na mimi nikapakua chakula huku machozi yananitoka.

Kwangu bado ana hasira, ananijibu kwa mkato. Lakini simu yangu anapokea, na kila siku inapoita akapokea, namshukuru Mungu."