Mchungaji Ameliwa na Fisi

Jumatatu, 1 Desemba

Sijaandika humu tangu mwezi wa nane. Ni aibu, na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mwingine, radhi najiomba mwenyewe. Nilitolewa mtoto wa jicho. Daktari alikataza kusoma na kuandika hadi kidonda kipone. Kilipona mwezi wa kumi. Yaliyofuata yalikuwa uvivu.

Leo kama kawaida. Mbuzi kutoka zizini. Uji. Dawa ya jicho. Halafu kelele za chumba cha mbele.

Chumba ni changu. Kinatazama soko la Mutomo. Nilimpa binti yangu Mwende mwezi wa pili, baada ya kampuni yake ya kompyuta ya Nairobi kumpunguza kazini. Nilidhani atafungua duka la vitabu. Alileta runinga mbili na mashine za michezo ya video. Watu wazima wenye kazi zao huingia mle na kubonyeza vitufe. Tulikubaliana chumba ni chake hadi mwisho wa mwaka. Sasa anataka mwaka mwingine. Nimemwambia nitaona.

Kelele naweza kuvumilia. Lugha siwezi. "Mbuzi zangu zimekufa." "Nimebaki na maisha mbili." Nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu ili watu wa mji huu wasiseme hivyo. Tena mtu hana maisha mawili. Hilo ni kosa la sarufi na la dini kwa pamoja.

Amebandika tangazo mlangoni: Jumamosi tarehe ishirini kila mtu aje aseme gemu tatu amependa mwaka huu. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Michezo mitatu aliyoipenda.

Jioni nimeona amebandika jingine. Maneno ni yale yale ya kwanza.

Jumatano, 3 Desemba

Mwende aliniuliza neno leo. Ni mara chache.

Kuna mchezo anaoutengeneza mwenyewe, kwa kompyuta yake. Mtu anawaswaga mbuzi kutoka Tseikuru hadi Mutomo wakati wa ukame. Kuna fisi, kuna visima vilivyokauka, kuna miiba. Wateja wake wanaujaribu na kumwambia palipoharibika.

Alitaka kujua huyo mtu amwiteje. Ameandika "mtu wa mbuzi". Nilimwambia hilo si jina, ni uvivu. Anayesoma ni msomaji. Anayechunga ni mchungaji.

Akasema, "Lakini Baba, mchungaji si ni pasta?"

Nilimjibu kwamba watu walichunga mbuzi hapa kabla babu wa pasta yeyote hajazaliwa. Kanisa ndilo lililoazima neno. Aliandika nilivyosema. Niliridhika. Nakiri niliridhika sana.

Jumapili, 7 Desemba

Mchungaji wetu hakuhubiri. Alilazwa hospitalini juzi Ijumaa, shinikizo la damu. Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ndiye aliyeongoza ibada. Aliomba kwa muda mrefu na kwa sarufi mbaya.

Mimi huketi naye mstari wa mbele, pamoja na wazee wengine. Leo hakunisalimu. Kina mama wa kwaya walinitazama kama mtu aliyeingia na viatu vyenye mavi.

Sijui nimewakosea nini. Sitauliza.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimejua.

Kilonzo alikuja nikinywa uji. Aliketi bila kukaribishwa. Juzi Jumamosi kina mama watatu walikuwa wakitoka hospitalini kumwona mgonjwa. Walipita nyuma ya chumba cha Mwende. Ukuta ni wa mabati. Wakasikia sauti ya Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, akipaza: "Mchungaji ameliwa na fisi!" Kicheko. Kisha sauti ya Kasyoka, fundi wa nguo, ambaye ni mwanakwaya: "Muache afe, tuanze upya."

Mmoja wa kina mama alikaa chini pale pale njiani.

Kilonzo aliniambia, "Mwalimu, mgonjwa bado anapumua, na kwako wanamzika wakicheka."

Nilimweleza. Kitenzi ni kuchunga. Nomino ni mchungaji. Maana ya kwanza ni mtu wa mifugo. Nilimpa mifano. Alinisikiliza jinsi mtu anavyosubiri mvua ipite.

Akasema basi si aitwe mfugaji tu. Nikasema hapana. Mfugaji ni mwenye mbuzi, hata akiwa amelala kitandani Nairobi. Mchungaji ndiye anayetembea nao. Mtoto wa darasa la nne anajua tofauti hiyo.

Hakupenda habari ya darasa la nne.

Wazee wameamua. Kufikia Jumamosi tarehe ishirini, neno liondoke au chumba kifungwe. La sivyo niondoke mstari wa mbele, niketi na waumini wengine, na uzee wangu wa kanisa uishe. Nilimwonyesha mlango.

Mwende alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akasema anabadilisha neno leo leo, ni kazi ya dakika. Nilimkataza. Neno ni sahihi. Hatuwezi kufuta neno sahihi kwa sababu watu wanasikiliza kupitia mabati.

"Baba, unalitetea neno. Mimi hujaniuliza kama nataka kutetewa."

Nikamwambia ni kitu kimoja. Akasema si kimoja. Akasema wateja wake nusu ni watu wa kanisa hilo, na wakiacha kuja hana kazi nyingine hapa Mutomo. Hata Nairobi hana. Kisha akatoka.

Nina hasira. Na Kilonzo. Na kina mama. Na yeye.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Sikwenda uwanjani.

Mwende hasemi nami. Huweka sahani mezani na kusema "Chakula." Neno moja. Halina hata kitenzi.

Abdi alikuja kuangalia beberu wangu. Familia yake ilitoka kaskazini zamani. Yeye amezaliwa hapa na Kikamba chake ni kizuri kuliko cha wengi. Aliomba radhi kwa kelele za siku ile. Alisema hakuwa na habari kwamba mchungaji wetu ni mgonjwa, na hata hivyo alikuwa akiwalilia mbuzi, kwa sababu mtu akiliwa wanatawanyika wote. Kisha hakuweza kujizuia.

"Kwetu shida hii haipo, Mwalimu. Imamu hachungi mbuzi."

Nilimwambia beberu hauzwi. Alicheka. Akaniuliza kama nitafika siku ya kusimuliana michezo ya mwaka. Nilisema chumba ni changu na nitaingia nikitaka.

Chumba kilikuwa na watu wawili leo, siku ya sikukuu. Wiki mbili zilizopita hapakuwa na mahali pa kusimama. Kasyoka hajaonekana tangu Jumatatu. Mwende alipangusa runinga, akapangusa tena, zikiwa safi.

Jumapili, 14 Desemba

Niliketi mstari wa mbele. Kilonzo alihubiri kuhusu ulimi. Alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilimtazama pia.

Jumamosi, 20 Desemba

Ilikuwa leo.

Nilibeba kiti changu mchana, nikakiweka mlangoni mwa chumba. Kama Kilonzo anakuja kufunga, anikute. Mwende alinipita mara mbili na soda mikononi. Hakuniambia niondoke. Hakunikaribisha.

Walikuja wachache. Abdi. Watu wanne au watano wa sokoni. Na Kasyoka, ambaye sikumtarajia. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Alisema mume wake amemkataza kuja, ndiyo maana amechelewa.

Wakaanza kusimuliana. Nilitaka kudharau, na nilidharau kwa kiasi fulani.

Kasyoka alianza na mchezo wa ngumi. Mama wa watoto watatu. Alisema kila mpinzani humpa uso wa mteja mmoja aliyeacha suti kwake tangu Pasaka na hupita ng'ambo ya barabara akimwona. "Nimempiga huyo mtu mwaka mzima. Na suti bado ninayo." Wa pili wake ulikuwa wa kupika. Aliutaja haraka, kwa aibu, kama ndio dhambi.

Abdi alichagua wa malori. Mtu anaendesha lori lenye mzigo kwenye theluji, nchi ambayo hajui ni ipi. Theluji hajawahi kuiona. Mwenzake akamuuliza raha iko wapi, kuendesha tu. Alisema raha ni kwamba unaenda mbali bila kusimamishwa kwenye kizuizi cha polisi na kuulizwa kitambulisho. Watu walicheka. Yeye hakucheka sana.

Mwende akasema wake ni wa mwanamke anayechimba mlima peke yake. Hakuna adui, hakuna saa. Anachimba, anapanda, anachimba. Alisema aliucheza kila siku mwezi wa kwanza, Nairobi, baada ya kuachishwa kazi, kabla hajaniambia. Sikujua kwamba palikuwa na mwezi mzima ambao hakuniambia.

Kisha Kasyoka akanigeukia pale mlangoni. "Na wewe Mwalimu, wako wa mwaka ni gani?"

Nikasema sina.

Nilisema uongo. Tangu mwezi wa nne, Mwende akienda mji wa Salama kununua nyaya na vipuri, mimi hufungua chumba na kucheza ule wa mbuzi. Bila miwani, kwa kidole kimoja, vibaya. Hata jicho lilipokuwa na kitambaa nilicheza kwa jingine. Siku moja mwezi wa kumi niliwafikisha mbuzi wote Mutomo. Nilisimama. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ni mchezo mzuri. Njia ya Tseikuru ameiweka ilivyo, hadi rangi ya vumbi. Ningeweza kusema hivyo leo, mbele ya watu, na nikasema sina.

Ndipo Kilonzo akafika. Alikuja na wale kina mama watatu wawe mashahidi. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na maneno tayari.

Mwende alinitangulia. Alisema, "Karibu, Mzee Kilonzo. Karibuni, kina mama. Ingieni muone wenyewe, halafu mfunge." Abdi akampisha kiti. Kilonzo aliketi akiwa bado na kofia.

Mwende aliwasha ule wa mbuzi. Neno mchungaji halikuwepo. Mahali pake palikuwa pameandikwa MWALIMU.

Mwalimu huyo wa kwenye runinga alikuwa na fimbo kama yangu. Koti kama langu, hata kiraka cha kiwiko. Kila mbuzi akikaa vibaya katika msafara, Mwalimu anasimama kumpanga. Anawapanga. Mbuzi wa mbele wamekwisha kwenda, yeye bado anawapanga wa nyuma. Fisi akatoka kichakani. Mwalimu alikuwa akimwonyesha mbuzi mmoja mahali pake kwa fimbo.

"Mwalimu ameliwa na fisi," Abdi akasema, taratibu safari hii.

Chumba kizima kilicheka. Kina mama walicheka wakishikana. Kilonzo alivua kofia na kufuta macho. Alisema yeye hana neno tena, mambo yamekwisha, wazee watapewa habari. Akanipa mkono. Kiti changu cha mbele kipo. Chumba hakifungwi.

Nilimpa mkono. Nikabeba kiti changu nikarudi nyumbani.

Jumapili, 21 Desemba

Sikwenda kanisani. Sasa watu watatu wameniita mchungaji wa fisi njiani. Mmoja ni mwanafunzi wangu wa zamani.

Nilimwambia Mwende amenidhalilisha. Sikupaza sauti. Alisema nilimkataza kulifuta neno, hivyo akambadilisha mtu mwenyewe. Alisema alitafuta mtu anayejulikana na mji wote, ambaye kanisa haliwezi kukasirika kwa niaba yake, na ambaye hatakubali kusaidiwa. Alipata mmoja tu.

Kisha akasema jambo jingine. Kuna mtu wa Salama ana chumba kando ya barabara kuu, wasafiri wanasimama hapo mchana kutwa. Amemwambia aje mwezi wa kwanza. Angependa kubaki hapa. Lakini kwa sharti.

"Chumba ni chako, Baba. Maneno yaliyo ndani ni yangu. Usiyaguse. Kama huwezi, niambie, nifungashe."

Nikamuuliza hata yakiwa na makosa. Akasema hasa yakiwa na makosa.

Sijawahi kupewa sharti na mtoto wangu. Nilitoka nikaenda zizini. Nilikaa huko mpaka hasira ikachoka.

Jumatatu, 29 Desemba

Mvua kidogo alfajiri. Haikufika chini ya majani.

Mchungaji ametoka hospitalini. Nilimtembelea jana baada ya ibada. Amekonda. Alikuwa amepata habari zote. Aliniuliza kama mbuzi hufika Mutomo. Nikasema mara moja moja. Akasema wangemwacha tu mchungaji mle ndani, angependa kuwaona wakifika. Sikumwambia kwamba mimi nimewahi kuwafikisha.

Chumba kimejaa tena. Kasyoka amerudi, na mume wake naye yupo, anampiga mke wake ngumi kwenye runinga na kushindwa. Kutoka hapa nilipoketi nasikia kila kitu. "Mwalimu amekufa, amebaki na maisha mbili." Mawili. Nilianza kunyanyuka. Nikaketi.

Kumpa chumba si kazi. Kukaa hapa mwaka mzima nikisikia hivyo, nisinyanyuke, ndiyo kazi. Sijui kama ninaweza. Nikisema ndiyo nikashindwa, ataondoka mwezi wa tatu badala ya wa kwanza, na ataondoka akiwa ananichukia. Nikisema hapana, ataondoka Ijumaa, na jioni patakuwa kimya huku.

Leo Mwende aliniletea chai badala ya kuiacha mezani. Alisimama kidogo. Tulitazama soko likifungwa.

Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Sitaandika kitu kingine humu hadi nitakapokuwa nimempa. Nikishaamua, nitaliandika jibu lenyewe, kwa sentensi kamili, liwe zuri au baya.