Maandishi Chini ya Garimoshi

Mwanangu kipenzi,

Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua. Uliniagiza nisome maandishi chini ya garimoshi lako la kuchezea la utotoni, ujue ni la kiwanda gani cha ng'ambo, maana umeshawatangazia wenzako wa makumbusho kuwa lilitoka huko. Ukasema nisilisugue. Barua ilinikuta nimeshasugua, mwanangu. Rangi ilibanduka, pakatokea: "Maziwa ya unga, kuanzia miezi sita."

Nikamuuliza baba yako, "Si ulisema ulilinunua kwa baharia?"

Akasema, "Mtoto alikuwa analia, mama watoto. Ningefanyaje?" Sasa anaona haya kukuandikia.

Usimkasirikie. Waambie wenzako kiwanda ni jikoni kwetu, na maziwa uliyamaliza wewe.

Ni mimi mama yako, niliyekuosha wewe na kopo.