Wifi Profesa na Sindano za Mama

Jumapili jioni

Mtoto ametoka sasa hivi kumpaka bibi yake uji shavu zima, na mama mkwe akacheka. Alikuwa hajacheka tangu aseme kesho harudi hospitali ya Homa Bay kudungwa awamu ya tatu ya sindano za ugonjwa wake wa damu.

Aliyemshauri ni wifi, profesa wetu aliyesomea kuuza dagaa wa omena Mbita. "Mama, awamu mbili na damu bado iko chini! Wanakudunga maji."

Mimi niliyeishia darasa la nane nilimuuliza nesi. Alisema DNA ya seli za uboho ndani ya mifupa ya mama imejaa vibandiko vinavyoziba maagizo ya kutengeneza damu nzuri. Dawa haivibandui vya zamani. Inangoja seli igawanyike, inaingia kwenye DNA mpya na kuzuia vibandiko visinakiliwe. Seli zikigawanyika tena na tena, maagizo yanafunguka. Ndiyo maana inachukua miezi, na mwanzoni damu inaweza hata kushuka.

Leo tukichambua mboga nilimweleza mama hayo yote. Akavuta fungu lingine la mboga. Wifi akadakia, akiniita binti wa Rongo kwa Kijaluo, "Nyar Rongo, kumbe siku hizi unafundisha chuo kikuu?"

Ndiyo, wifi. Karibu darasani, na uje na kalamu.

Lakini naogopa. Nesi hakuahidi kupona. Alisema tu kwamba kuacha sasa ni kuacha kabla dawa haijapewa nafasi. Na kama mama...

Anaita. "Nyar Rongo! Mkoba wangu wa hospitali uliuweka wapi?"

Mkoba wa hospitali! Nakuja, mama, nakuja, uko juu ya...