Odessa Pruitt, na Kwaya

Omaha, 9 Machi 1940

Dada Lavinia,

Hujambo? Watoto je? Mimi mzima, ila viatu vya jukwaani vinaniua. Santuri yetu imetoka, nakutumia. Usihangaike kutafuta jina langu, halimo. Wameandika "Garland Tate na Bendi Yake", basi. Na huyo Tate anapunga kijiti tu, hata filimbi hajui kupuliza! Mimi nakaa kitini pembeni, nachekacheka kama mwanasesere, nainuka kuimba ubeti mmoja, narudi kukaa. Mtu anayekula sauti ya mwenziwe akamficha jina ni mwizi wa mchana kweupe.

Mdogo wako,
Odessa

Gary, 2 Aprili 1940

Mdogo wangu,

Sisi wazima kwa rehema za Mungu. Nimeisikiliza mara moja, imenitosha. Matarumbeta yanalia kama bata waliokanyagwa, wewe unachungulia kidogo, halafu bata tena. Ndiyo kazi hiyo? Kuwatumbuiza walevi? Nafasi yako katika kwaya yangu ipo, aibu ikikuruhusu kuingia kanisani. Hapa jina lako kila mtu analijua.

Dada yako,
Lavinia

Chicago, 20 Septemba 1942

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Ndiyo, leo nakuamkia vizuri, nina shida. Wapiga ala wote wamegoma kurekodi, amri ya chama chao. Sisi waimbaji hatumo chamani, eti si wanamuziki, ha! Sasa kampuni inataka niimbe bila chombo hata kimoja, sauti za watu tu nyuma yangu. Tate kabaki na kijiti chake. Nikopeshe kwaya yako, dada. Jina langu litaandikwa! Nikikosa hii nitazeekea kwenye kile kiti.

Mdogo wako,
Odessa

Gary, 27 Septemba 1942

Odessa,

Marahaba. Kumbe bata wakinyamaza mnakumbuka kanisa! Wanakwaya wamecheka mpaka machozi. Lakini damu ni damu. Tutakuja Jumamosi, na vitu vya kumetameta hatuvai. Bibi Eulalia, aliyekulea mama alipofariki, anashona kola mpya ya safari. Anasema hajawahi kuimba kwenye santuri.

Dada yako,
Lavinia

Chicago, 11 Januari 1943

Dada,

Imetoka! Kila redio inaipiga. Nakutumia, tazama hapo katikati ya santuri: ODESSA PRUITT! Nimelia, wallahi nimelia. Tate nimemwachia kiti chake akikalie mwenyewe. Kampuni inataka nyingine mwezi ujao, njooni tena. Ila mwambie Bibi Eulalia apunguze sauti, ananifunika.

Odessa

Gary, 20 Januari 1943

Bi Odessa Pruitt,

Sisi wazima, ahsante kwa kutouliza. Baada ya ibada tuliizunguka santuri yako. Bibi Eulalia alivaa miwani akasoma upande wa kwanza, akaigeuza, akasoma wa pili.

"Hili 'na kwaya' ndiyo mimi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, bibi.

"Haya. Mtoto kaimba vizuri," akasema, akavua miwani. Ile kola hajaivaa tena.

Nilimdharau Tate kwa sababu yako. Sasa hata yeye namwona afadhali, maana hakulelewa na watu aliowaficha. Jina la mtu wa namna hiyo ulinifundisha mwenyewe ukiwa Omaha, sina haja ya kulirudia. Mwezi ujao usitungojee. Tafuta wengine wa kuwaweka kitini.

Ni sisi,
Na Kwaya