Vidau Saba vya Bwana Walter

Jumapili, 12 Oktoba

Kamba za mlingoti wa mbele nimezimaliza. Bado wa kati na wa nyuma. Kiuno kinauma. Chai imepoa mara mbili.

Merikebu hii ya kuchonga ni ya Bwana Walter, Mmarekani mstaafu anayekaa Qurum, hapa hapa Maskati. Katuazima sisi wa makumbusho kwa ajili ya maonyesho. Aliichonga babu yake, aliyekuwa baharia kaskazini kabisa ya Pasifiki, kando ya Alaska. Walikuwa wakivua samaki wa kukausha kwa chumvi. Juu ya sitaha pana vidau saba, kimoja ndani ya kingine kama bakuli za kabatini. Enzi zao, kila asubuhi kidau kimoja, mtu mmoja, anashushwa kwenye maji ya barafu akavue peke yake. Mimi nikifungua friji tu napiga chafya.

Ubao umekauka, umepauka kama magoti ya mtoto. Fundi gani aliuacha hivi? Bi Thuraya, msimamizi wetu, kasema tusipake kitu. Kamba tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepaka.

Siwezi kuona ubao mkavu nikanyamaza. Baba alikuwa fundi wa vyombo Unguja. Cha kuingia baharini alikipaka mafuta ya papa, cha pambo la nyumbani mafuta ya nazi. Nimekuja na kichupa mfukoni. Mchana wenzangu walipokwenda kula, msasa laini kwanza, kisha nazi kwa kitambaa. Chini ya vidau palikuwa na michirizi ya uchafu. Nimeitoa yote.

Mbao zinang'ara. Nimefurahi, kusema kweli. Nimejiona kama Baba.

Jumanne, 14 Oktoba

Haukuwa uchafu.

Bi Thuraya kaja na maelezo ya ukutani, kayaandika Bwana Walter mwenyewe. Babu yake aliandika kwa penseli, chini ya kila kidau, jina la mwenzake aliyetoka asubuhi asirudi. Watu saba. Ukungu uliwafunika. Makaburi hawana. Walikuwa na penseli ile tu.

Bi Thuraya kakigeuza kidau cha kwanza ili akipige picha. Hamna kitu. Cha pili hamna. Kavigeuza vyote. Kisha kanusa.

Prossy, Mganda anayetusafishia, hujipaka mafuta ya nazi mikononi kwa sababu AC inamkausha. Na jana ndiye aliyefuta vioo.

"Prossy, umevisugua hivi?"

"Hapana, madam. Mimi nilifuta glasi peke yake."

Bi Thuraya kanigeukia. "Ammi Nassor, wewe ulikuwapo. Umemuona akivishika?"

Nimesema sikuona kitu.

Miaka sitini na moja ninayo. Sikuona kitu!

Jumatano, 15 Oktoba

Prossy kanifuata kwenye meza. "Mzee, wewe ulikuwa hapa siku yote. Si uwaambie sikugusa?"

Nimemjibu tutaona. Tutaona nini?

Ama hanishuku, ama ananishuku na kaniachia nafasi. Sijui lipi baya zaidi.

Bi Thuraya keshaipigia simu ofisi iliyomleta. Wanakuja kumchukua Jumapili, kisha ndege, kwao. Ana watoto wawili Jinja, wako kwa dada yake. Wanasoma kwa kazi hii.

Mchana nimekula wali samaki. Nimemaliza sahani. Najichukia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bwana Walter kaja. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Kavigeuza vidau kimoja kimoja, akipitisha kidole chini. Majina matatu kayakumbuka. La nne kalianza, kaliacha. Mengine hakujaribu.

Prossy alikuwa mlangoni na ndoo yake. Kamwambia, "Pole sana, sir. Si mimi, lakini pole."

Asiye na kosa katoa pole. Mwenye kosa kainamia mlingoti, anafunga fundo ambalo lilikwisha fungwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimesali safu ya nyuma, nikatoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Mke wangu kauliza, "Una nini wewe?" Nimesema kiuno.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimempigia Bi Thuraya mara nne. Zote nimekata kabla hajapokea. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 19 Oktoba

Gari la ofisi lilikuwa limeshasimama nje. Prossy kakaa kwenye kiti cha mlinzi, begi miguuni, kavaa viatu vya safari.

Nimepita mbele yake hadi kwa Bi Thuraya. Nimesema ni mimi. Msasa mimi, nazi mimi, uongo mimi. Sauti ilitoka nyembamba, siyo yangu.

Kanitazama. "Wewe, Ammi? Na ukamuacha siku zote hizi?"

Katoka kumwambia dereva arudi.

Gari limeondoka bila mtu. Nikangoja na mimi nifukuzwe. Bi Thuraya kaniagizia maji, kasema nikae kidogo, presha isije ikapanda. Prossy kwa kosa lilelile aliambiwa afunge begi. Maji yale nimeyanywa. Ningejua pa kuyatema ningeyatema.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekwenda Qurum kumwambia Bwana Walter uso kwa uso. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema ahsante kwa kuja, kisha kafunga mlango taratibu.

Prossy nimemwomba radhi jikoni, mbele ya wenzake. Kasema, "Sawa, mzee." Akaendelea kuosha vikombe.

Alhamisi, 30 Oktoba

Milingoti yote mitatu tayari. Maonyesho yamefunguliwa juzi. Watu wanakuja, wanatazama, wanakwenda.

Prossy ananisalimia kila asubuhi, hana kinyongo cha kuonekana. Ila kaanzisha utaratibu wake. Kabla hajafuta kitu anakipiga picha kwa simu. Akishafuta, anakipiga tena. Kiti, kioo, hata swichi ya taa. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna anayemuuliza.

Leo kafika kwenye meza yangu. Kainua simu, kangoja.

"Samahani, mzee. Toa mikono mezani."

Nimeitoa.