Matuta ya Bibi Kalunde Hayamo Kwenye Mchoro

Isevya, Tabora

Kwa dada yangu Tasiana,

Shikamoo dada. Natumaini mguu wako umepona na watoto wameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ningepayuka, na majirani wa chumba cha pili wanasikia kila kitu. Nina hasira, dada. Unanijua, mimi si mtu wa hasira, na hii sijui niiweke wapi.

Meneja wangu, yule wa kampuni ya asali niliyekueleza, anamwoza binti yake. Sendofu ya kumuaga itafanyika nyumbani kwake na wageni watatoka Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwezi aliniita, nikasimama mlangoni nikidhani nimekosea hesabu. Kumbe anataka nimtafutie programu ya kompyuta ya kupanga bustani ya nyumbani, nimchoree uwanja wake wenye nyasi, maua na mahali pa tenti.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Chagua programu nzuri, unitolee picha."

Nikachagua kama ninavyofanya kila kitu, kwa woga, nikijaribu moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliniuliza theluji huanguka mwezi gani, ikagoma kuendelea mpaka nijibu. Ya pili ilitoa picha zinazong'aa kama za kalenda, lakini mimea yake ni ileile iliyokuja nayo, huwezi kuongeza wako. Nyingine ilikuwa mbaya kwa macho, miraba mitupu, ila unaweza kuchora umbo lolote na kuliandikia jina ulitakalo. Hiyo ndiyo niliyoipenda, maana uwanja ule si mtupu. Kutoka jiko la nje mpaka ukutani kuna matuta ya viazi vitamu, na katikati yake mboga za mgagani na mlenda. Ni ya Bibi Kalunde, mama yake meneja. Meneja alimleta kutoka kijijini Usinge baada ya mzee kufariki, akamkalisha kwenye kochi. Bibi hakukaa. Matuta yote kayainua mwenyewe. Siku niliyokwenda kupima uwanja alinishikia ncha ya utepe, akanisalimu kwa lugha yake.

"Mwangaluka, karani. Unapima kaburi la nani?"

"Napima bustani, Bibi."

"Bustani si hii unayoikanyaga?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nilimpelekea meneja michoro miwili, mmoja wa ile programu mbaya na mmoja wa ile inayong'aa. Wenye matuta aliutazama kidogo tu. "Hii nini, ramani ya mgodi? Nipe ule mzuri. Viazi sitaki, wageni hawaji kuangalia viazi."

Nikaviacha nje ya mchoro, dada. Palipokuwa na matuta pakawa nyasi na benchi, na juu ya benchi programu yenyewe ikaweka mwanamke wa kizungu mwenye kofia, na mbwa wake.

Jumapili baada ya misa akaniita nyumbani ili amwonyeshe mama yake mchoro. Bibi aliishika karatasi mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

"Nyumba naiona. Jiko langu?"

"Tutalibomoa, mama. Utapikia ndani."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Huyo ni picha tu."

"Mimi niko wapi?"

"Mama! Hii ni bustani, si picha ya harusi." Meneja akacheka, na mimi nikatabasamu kwa sababu yeye amecheka. Bibi akaikunja karatasi vizuri, akamrudishia. "Haya, mwanangu. Nimeelewa."

Kesho yake nilimpelekea meneja funguo za stoo nikamkuta Bibi anang'oa viazi. Vilikuwa bado vidogo kama vidole. Marando alikuwa ameyafunga kwa kitambaa kilicholowa maji ili yasinyauke. Hata wewe ungejua mara moja, mtu hafungi mbegu namna ile kama haendi kupanda kwingine. Meneja alikuwa barazani na kikombe cha chai.

"Umeona?" akaniambia. "Mama mwenyewe ameanza kusafisha."

"Meneja, hasafishi," nikasema. "Anahama."

"Wewe ni karani au mchungaji? Ahamie wapi?"

Hakushuka hata ngazi kumuuliza. Alimaliza chai yake, akaenda kazini.

Bibi aliondoka kwa treni ya Kigoma, kurudi Usinge. Nilimsindikiza mpaka stesheni nikiwa na begi lake. Furushi la marando nilitaka kumpokea, akakataa kulishusha kichwani. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu za watu wengine mpaka Bagamoyo. Mimi nishindwe na viazi vyangu?" Nikamsihi asubiri, nikamwambia mwanawe hakukusudia.

"Mwanangu si mkorofi," akanijibu. "Angekuwa mkorofi angenifukuza kwa mdomo. Ameona haya, akaniambia kwa karatasi. Ana adabu."

Dada, nikampandishia begi behewani. Hata sasa nikiyakumbuka maneno hayo napata joto kichwani.

Leo meneja kaniita tena. Ndugu zake wa Usinge wamempigia simu wakiuliza kwa nini amemfukuza mama mzazi, na wamesema bibi wa binti asipokuwepo, wao pia hawaji. Nilidhani atasema ameumia. Akasema hivi:

"Ile programu yako mbaya bado unayo? Mchoree matuta yake. Yawe mazuri, na yeye umweke hapohapo katikati. Nitamtumia kwenye simu ya binamu, atarudi."

"Sichori," nikasema.

"Unasemaje?"

"Alikuuliza yuko wapi, hukumjibu. Nenda ukamjibu, meneja. Kesho treni ipo."

Sikuyarudisha maneno yangu. Akaniambia nitoke, nisirudi mpaka aniite. Kwa hiyo sijui kama bado nina kazi. Nakuomba kitu kimoja: usimwambie mjomba anipigie kunifundisha namna ya kuomba radhi. Sitaomba.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji na mafundi wenzake wa ujenzi, na mjomba katekista pia, pamoja na hayo niliyosema. Watoto wako uwabusu.

Kesho nitakwenda stesheni, nitasimama mahali ambapo meneja hanioni, nione kama atapanda treni. Nikimwona na begi, nitarudi chumbani nisubiri aniite, na akinifukuza basi anifukuze. Nisipomwona, nifungulieni mlango huko Songea, maana sitakaa kwenye meza yake tena.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,
Gaspari